Unjano wa Soli Si Uchafu, Dada Zetu



Leo hatuandiki kuhusu shela wala hina. Tunaandika kuhusu soli za raba nyeupe, na tunajua wapo watakaocheka. Chekeni tu. Hapa kwenye kiduka chetu cha ushoni, watu watatu na charahani nne, soli za raba zimetukosesha usingizi kuliko gauni lolote la shanga.

Kwa wasiojua, siku hizi mabiharusi wengi wanavaa raba nyeupe chini ya gauni. Gauni linafika chini, miguu haionekani, na ukumbini mtu anasimama masaa matatu akipigwa picha na mashangazi. Kisigino kirefu ni mateso. Wengine ni warefu kuliko waume zao na hawataki maneno. Basi raba tunazipamba sisi wenyewe: tunatoa kamba tunatia utepe wa satini, tunashona lesi pembeni, tunabandika lulu. Kazi hii ilianza kwa mzaha, sasa ndiyo inayolipa kodi ya duka miezi ambayo hakuna harusi.

Tatizo ni soli. Kila raba inayoletwa, soli yake ina hadithi. Na hadithi moja ndiyo iliyotufanya tuandike.

Ilikuwa Shaaban, mnaijua Shaaban ya hapa kwetu, kila mtaa una turubai la harusi kabla Ramadhani haijaingia. Akaja biharusi mtarajiwa na mama yake na shangazi zake wawili, wamebeba boksi la viatu. Mchumba yuko Muscat anafanya kazi, na raba hizo alizituma siku za uchumba. Harusi ikaahirishwa mara mbili, boksi likakaa juu ya kabati karibu miaka mitatu, limefungwa na nailoni lisiingie vumbi. Hajazivaa hata siku moja. Alikuwa anaziwekea harusi.

Tukafungua boksi mbele yao. Juu kiatu ni cheupe kama maziwa. Soli ni ya manjano kama samli.

Shangazi mmoja akachukua kiatu, akakigeuza, akasema: "Huu ni mtumba huu. Kuna mtu kavivaa hivi." Yule mwengine akaongeza la kwake: "Kama kwenye kiatu kadanganya, huko mbele je?" Mama hakusema kitu. Biharusi alikuwa anaangalia sakafu. Na sisi tulinyamaza, hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, kwa sababu na sisi ndani ya mioyo yetu tulidhani hivyo hivyo. Kiatu kipya kinawezaje kuwa cha manjano? Tukasema tu, "Viacheni, tutavisafisha vitarudi kama vipya."

Usiku ule mmoja wetu akasema kaona video: jiki nusu, maji nusu, unaloweka soli, asubuhi unaanika juani. Dakika kumi kila kitu kimekuwa cheupe, na muziki juu yake. Tukaloweka. Asubuhi tukapanda nazo juu ya bati, jua la kwetu mnalijua. Jioni tukazishusha. Soli imezidi. Ilikuwa samli, sasa imekuwa rangi ya asali, na pale kitambaa kinapokutana na soli pamefanya mstari wa manjano kuzunguka kiatu kizima, ambao haukuwepo.

Tuliposhindwa, tukampelekea fundi viatu mmoja mtu mzima, anayekaa na misumari na gundi yake chini ya mwembe si mbali na kwetu. Hakuangalia ule unjano kabisa. Aligeuza kiatu akaangalia chini, kwenye michoro ya soli. Akatuonyesha vile vinyweleo vidogo vya mpira vinavyobaki kutoka kwenye kalibu ya kiwandani, vyote vipo. Michoro haijalika hata kidogo, hakuna kokoto, hakuna mchubuko. "Kiatu hiki hakijakanyaga ardhi," alisema. "Kimezeekea ndani ya boksi."

Hapo tulikaa kimya tena, lakini ukimya mwengine.

Kwa hiyo mchumba hakudanganya. Viatu vilikuwa vipya, na mtu wa watu alishapewa sifa ya uongo ndani ya duka letu, mbele yetu, kwa sababu ya rangi ya mpira. Tulikwenda nyumbani kwa kina biharusi siku ile ile baada ya alasiri. Tukawaonyesha wale mashangazi michoro ya soli, na tukawaambia kwamba ule mstari wa manjano kwenye kitambaa ni kazi ya mikono yetu. Tuliwapelekea na viatu vyengine vya fidia, shilingi 150,000 kutoka kwenye mfuko wa duka, mwezi ule hatukugawana kitu.

Tangu siku hiyo tumekuwa na msimamo, na tunausema hapa wazi: wanawake tunaupiga vita unjano wa soli kama kwamba ni uchafu, na si uchafu. Uchafu uko juu ya mpira, unjano uko ndani ya mpira wenyewe. Ukichanganya viwili hivi unaharibu kiatu, unaumiza mapafu yako, na wakati mwengine unamvunjia mtu heshima.

Sisi ni watu wa kidato cha nne na kozi ya ushoni, na kemia wengine wetu tuliifeli. Lakini jambo hili halihitaji maabara. Mpira si jiwe. Hewa tunayovuta sisi na wenyewe unaivuta kwa namna yake: oksijeni inaingia polepole na kuubadilisha, kama tufaa lililokatwa linavyogeuka rangi mezani. Joto linaharakisha, mwanga wa jua unaharakisha, unyevu unaharakisha, na hapa kisiwani vyote vitatu tunavyo mwaka mzima. Kiwandani wanatia dawa ndani ya mpira ili usioze haraka, na baadhi ya dawa hizo, zikishafanya kazi yake ya kulinda, zenyewe zinageuka manjano. Gundi iliyoshika soli nayo inageuka. Hayo yote yanatokea hata kiatu kikiwa gizani ndani ya boksi, hakijavaliwa.

Na jiki je? Jiki inafanya weupe kwenye shuka la pamba kwa sababu inaunguza rangi. Kwenye mpira inafanya ile ile kazi ya hewa, ila kwa haraka: miaka mitatu ya kuzeeka inaimaliza usiku mmoja. Ukiongeza na jua la juu ya bati, umemaliza. Hata vitambaa si vyote vinavyoipenda. Sisi mafundi tunajua: hariri, sufu na vitambaa vya kuvutika vikiguswa na jiki vinageuka manjano na kulegea. Sasa hapa kwetu jiki haikanyagi tena karibu na kiatu wala gauni.

Basi kabla hujafanya lolote, jaribu kwanza kujua unapambana na nini. Chukua mswaki wa zamani, tone la sabuni ya maji ya vyombo, sugua sehemu moja ndogo ya soli, upana wa kucha, kisha futa na kitambaa cheupe kibichi. Kitambaa kikichafuka na pale paking'aa, huo ni uchafu, hongera, utatoka. Kitambaa kikibaki kisafi na pale pamebaki njano ile ile, acha kusugua. Hata ukisugua mpaka Idd hautatoka, utakwangua mpira tu.

Uchafu wenyewe ni kazi nyepesi. Toa kamba zioshwe peke yake. Kung'uta udongo mkavu kwanza, hasa ule mwekundu wa mashamba, maana ukiutia maji unaingia kwenye kitambaa. Halafu maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki. Pakibaki madoa ya kukanyagwa, changanya bekingi soda na maji kidogo iwe nzito kama uji wa mtoto, paka, sugua polepole, futa. Tunasema bekingi soda, ile ya keki. Si kostiki ya kutengenezea sabuni, ile inachoma ngozi. Dawa ya meno nyeupe nayo inasaidia, kwa sababu ina chembe ndogo za kusugulia, lakini haigeuzi njano kuwa nyeupe, msidanganyike. Ile sponji nyeupe ya melamini ni nzuri sana kwa alama nyeusi, ila ujue inafanya kazi kama msasa laini mno: kila ukiitumia inakula kidogo. Waya wa sufuria usiuguse. Unatoa doa leo, unaacha mikwaruzo elfu ambayo kesho kila mmoja utabeba uchafu wake.

Suuza sana. Sabuni iliyobaki ikikauka juani nayo inaleta mabaka ya manjano, hasa kwenye raba za turubai. Sisi tunafunika kiatu kibichi kwa karatasi nyeupe ya chooni, tabaka moja lililoganda vizuri, tunakiacha kivulini penye upepo. Maji yanapotoka yanabeba mabaki ya sabuni na njano yanaishia kwenye karatasi. Karatasi unaivua asubuhi imekuwa ya kikahawia na kiatu ni cheupe. Hilo ni jambo dogo lakini limetupatia wateja.

Yako na madoa ya harusi, na haya ni ya kwetu wenyewe, hutayakuta kwenye video za watu wa mbali.

La kwanza ni manjano, ile bizari ya kwenye singo. Biharusi yuko kwenye siku zake za kufukizwa na kusingwa, anaona raba zake zimeletwa, hawezi kungoja, anajaribu na miguu bado ina singo. Soli na ndani ya kiatu vimekuwa njano kali. Anakimbilia sabuni, anasugua, na doa linageuka jekundu kama damu. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa saa nne za usiku. Dada, tulia. Manjano yakikutana na sabuni hubadilika rangi, ndiyo tabia yake. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha hilo skuli, tukakariri kwa mtihani tukasahau. Suuza sabuni itoke, wekundu utapungua na njano itarudi, kisha weka kiatu juani, kibichi kidogo, saa chache za asubuhi. Njano ya bizari haiwezi kustahamili jua, inapauka yenyewe. Ndiyo maana tunasema ujue kwanza njano yako ni ipi: hii jua linaitoa, ile ya uzee jua linaizidisha.

Hina ikiwa bado bichi iondoe kwa kijiti, usiisambaze kwa maji, halafu sabuni mara moja. Ukiiacha ikauke umeshachelewa nusu. Piko ndiyo mbaya zaidi. Piko ikikaa kwenye mpira mweupe, sisi hatujawahi kuitoa ikaisha, tumejaribu mengi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inaipunguza, lakini pia inatoa mng'aro wa mpira na kuyeyusha rangi na gundi, unabaki na kovu. Pale tunabandika lulu. Msicheke, lulu imeficha mengi kwenye harusi za mji huu.

La mwisho ni baibui. Baibui jipya jeusi la bei rahisi, pindo likipata maji ya mvua, linachuja rangi kwenye ukingo wa soli kila unapopiga hatua. Watu wanadhani ni lami. Osha baibui lako jipya peke yake mara mbili tatu kabla ya kulivalia raba nyeupe. Na alama ikiwa mpya, sabuni ya vyombo na mswaki hutosha.

Sasa ule unjano wa uzee. Dawa ipo, na tunaitumia, lakini tunaomba isomwe yote kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Ni haidrojeni peroksaidi. Duka la dawa wanayo ya maji, asilimia 3 au 6. Saluni wanayo ya krimu, ile ya kuchanganyia rangi ya nywele, yenye namba: 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Sisi tunapenda ya krimu namba 20 au 30 kwa sababu inakaa pale ulipoipaka, haichuruziki kwenye kitambaa. Namba 40 hatuigusi, faida yake ni ndogo na inachoma.

Kiatu kwanza kioshwe kikauke. Sehemu yote ya juu tunaifunga kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, mpaka kwenye mshono wa soli, na lesi na lulu zisiwe zimeshawekwa. Tunavaa glavu. Tunapaka krimu kwa brashi, tabaka sawasawa, kisha tunafunga soli na ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula ili krimu isikauke. Tunaweka juani asubuhi. Kila nusu saa tunafungua kuangalia, palipokauka tunapaka tena, kwa sababu krimu ikikauka upande mmoja inaacha mabaka, na mabaka hayo ni mabaya kuliko njano yenyewe. Baada ya masaa mawili mpaka manne tunaosha kwa maji mengi. Soli nyengine zinahitaji siku ya pili.

Mtauliza, si mmesema jua ni adui? Likiwa peke yake, ndiyo. Hapa mwanga wa jua ndio unaoiamsha ile dawa ifanye kazi kabla haijaisha nguvu, na tunalitumia kwa masaa, si kwa siku nzima juu ya bati.

Matokeo tunayasema kwa ukweli: soli ya rangi ya samli inarudi kuwa rangi ya tui. Nyeupe ya dukani hairudi. Na baada ya miezi, njano inaanza kurudi polepole, kwa sababu mpira bado unazeeka. Soli iliyokwisha kuwa ngumu, yenye nyufa au inayomomonyoka ukiibonyeza, usihangaike nayo. Kuna aina ya soli laini za povu ambazo unyevu unazila ndani kwa ndani. Unazitoa boksini nzima, unatembea hatua kumi zinabaki vipande sakafuni. Tumeliona hilo ukumbini, lakini tutamsitiri mwenyewe.

Krimu hiyo ikikugusa ngozi inachoma na kuacha weupe, ikikuingia jichoni ni hospitali. Mkono wa biharusi si wa kazi hii, mpe mwengine. Ihifadhiwe kwenye chupa yake yenyewe, mbali na watoto na mbali na mwanga, isimiminwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Na hapa tunapandisha sauti kidogo. Kuna ushauri unaozunguka kwenye simu zetu wa kuchanganya jiki na siki, au jiki na ndimu, "ili iwe kali zaidi." Mashoga zetu, msifanye. Jiki ikikutana na kitu chenye ukali wa ndimu inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Jiki na dawa za kusafishia zenye amonia, nayo inatoa gesi ya sumu. Vyoo vyetu vingi hapa mjini ni vidogo, dirisha ni tundu moja juu, na wewe umejifungia humo umeinama juu ya beseni. Msichana wetu mmoja wa kazi alifanya hivyo kwa viatu vyake mwenyewe, tukamkuta amekaa mlangoni anakohoa, macho yanatoka machozi, hawezi kusema. Alhamdulillah alipata hewa mapema na hospitali wakamwangalia. Peroksaidi nayo haichanganywi na jiki wala siki. Dawa moja, kazi moja, madirisha wazi. Ikitokea mtu amevuta hewa hiyo, mtoeni nje haraka, akiwa anapata tabu kupumua asingojwe, apelekwe.

Wako wanaotuuliza jambo la dini: soli yenye doa lisilotoka, mtu akiwa amekanyaga najisi barabarani, je, kiatu kimetoharika? Sisi ni mafundi si masheikh, na aliye na shaka amuulize mwalimu wake wa chuoni. Tulilofundishwa tangu wadogo ni kwamba najisi yenyewe ikishaondoshwa kwa maji, alama ya rangi ambayo ni tabu kuitoa haidhuru. Tunalitaja kwa sababu tumeona wadada wanaosugua soli kwa jiki kila wiki kwa wasiwasi wa tohara, na soli inazidi kuwa njano, na wasiwasi unazidi. Maji yanatosha. Rangi haikuwa najisi tangu mwanzo.

Jambo jengine ni la sisi wafanyabiashara. Wapo wanaochukua raba za mtumba, wanazipaka soli rangi nyeupe ya mpira, wanazitia kwenye boksi jipya na kuwauzia mabiharusi kwa bei ya dukani. Rangi inachubuka wiki ya pili. Kupaka rangi si kosa, na sisi tunapaka tukiombwa, lakini tunamwambia mteja: hii ni rangi, si soli mpya, na haitadumu. Kuficha ni ghushi, na hukumu ya ghushi kwenye biashara hakuna asiyeijua. Mnunuzi naye ana haki ya kugeuza kiatu na kuangalia chini. Msiangalie weupe wa pembeni. Angalieni michoro, kama alivyotufundisha yule mzee wa chini ya mwembe.

Tukirudi kwa biharusi wetu wa Shaaban. Viatu vya fidia alivipokea, akashukuru, akampa mdogo wake. Yeye alituomba tuzipambe zile zile za Muscat. Ule mstari wetu wa jiki tuliufunika kwa lesi nyembamba kuzunguka kiatu kizima, soli tukaiacha njano kama ilivyo, kwa sababu baada ya jiki hatukuthubutu kuigusa tena. Shangazi yule wa kwanza ndiye aliyemfunga kamba siku ya harusi, amepiga goti, na hatukusikia akisema neno.

Kwa hiyo wewe mwenye raba zako juu ya kabati zinangoja siku, zitoe leo. Ivue ile nailoni, inafungia unyevu na joto ndani. Zifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, weka vile vipakiti vidogo vya kunyonyea unyevu vinavyokuja kwenye mikoba, na boksi liweke chini ya kitanda au kwenye rafu ya ndani, si juu ya kabati karibu na bati. Kila mwezi zifungue zipate hewa, zivae ndani ya nyumba uzunguke nazo nusu saa. Na kama ukizifungua ukakuta zimeshageuka, njoo nazo dukani kabla ya kumpigia simu mchumba.